Ohio wamenikatalia .30-30 lakini .45-70 ruksa. Wawindaji njooni mnieleweshe hii sheria

#1 Mtoto wa Ugalla (Columbus, Ohio)

Wakuu salaam.

Jumatatu baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya Novemba, ndiyo wiki ya bunduki ya kulungu huku Ohio inaanza. Miaka yote nawinda kwa upinde, mwaka huu nimeamua nami niingie na bunduki. Mzee mmoja wa kazini, Mmarekani, kakubali kuniazima raifo ya risasi aina ya .30-30 ya marehemu baba yake, ile ya kukokia kwa wenzo wa chini. Kitako kimelainika kwa kushikwa mpaka ubao unang'aa. Nimeipenda kuliko hata kulungu mwenyewe.

Kabla ya kuichukua nikafungua kitabu cha kanuni. Hairuhusiwi! Raifo ya kulungu hapa lazima iwe ya ganda la risasi nyoofu, lisilo na shingo, kipenyo kuanzia inchi .357 hadi .50. Sasa .30-30 imekuwepo tangu 1895 na imelisha familia za watu nchi nzima hii. Lakini .45-70, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, ambayo iliangusha nyati wao wale wa nyikani, hiyo ruksa bila maneno.

Kwa hiyo risasi inayoangusha nyati haina shida, shida ni ile ndogo? Naomba mwenye sababu aiseme. Ila asije na neno "usalama" halafu akaondoka, afafanue.

#2 Kichwa Ngumu (Nairobi)

Naketi hapa na chai yangu. Huku Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo mjadala wa ganda lenye shingo na lisilo na shingo ulituishia hata hatujazaliwa. Endeleeni wakubwa.

#3 Slagi Moja (Grand Rapids, Michigan)

Mleta mada, nyati hana uhusiano na hiyo sheria. Sheria inauliza kitu kimoja tu: ukimkosa huyo kulungu, risasi itatua wapi?

Ganda la shingo ni pana nyuma, limebanwa mbele. Linabeba baruti nyingi nyuma ya risasi nyembamba, basi inatoka kwa kasi na kwenda mbali kabla haijaanza kushuka. Ganda nyoofu linabeba risasi nzito inayoanza polepole na kudondoka mapema. Ukiwa magharibi mwa Ohio au huku kusini mwa Michigan unajua ardhi ilivyo: bapa, mahindi yamevunwa, hakuna kilima cha kuzuia risasi, na kila mwisho wa shamba kuna nyumba ya mtu. Ndiyo maana zamani ilikuwa shotigani yenye slagi, lile donge moja kubwa la risasi badala ya marisau, au gobore la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, raifo hapana. 2014 majimbo yetu haya mawili yakafungua mlango kidogo, yakaruhusu ganda nyoofu.

Na usije huku na hiyo .45-70 yako. Ukanda wetu wa kusini unataka kipenyo cha .35 kwenda juu, na urefu wa ganda usipungue inchi 1.16 wala usizidi 1.80. Ganda la .45-70 linapita inchi 2. Ohio halali, ukivuka mpaka wa jimbo haramu.

#4 Mtoto wa Ugalla

Asante mkuu, sasa umenichanganya zaidi. Kwa hiyo bwana nyama wa Michigan anatembea na rula?

#5 Slagi Moja

Anatembea na kitabu cha faini, rula utajitafutia mwenyewe.

#6 Bwana Nyama Mstaafu (Tabora)

Nimesikia nikitajwa.

Vijana, nimefanya kazi ya wanyamapori toka enzi za magari ya Bedford. Huku kwetu sheria inasoma kinyume na huko. Nyati au tembo, huruhusiwi kwenda na kitu chini ya .375. Tunachoogopa sisi ni bunduki ndogo, kwa sababu mnyama akijeruhiwa akaingia kichakani, kesho yake anaua mwokota kuni asiye na habari. Nyuma ya nyati hakuna nyumba ya mtu, kuna pori, na baada ya pori kuna pori lingine.

Huko kwenu kulungu akijeruhiwa hamrudii mtu. Anayeogopewa ni jirani aliyeko upande wa pili wa mahindi. Kwa hiyo sheria ya huku inaweka kiwango cha chini, ya huko inaweka kiwango cha juu. Kila moja ina akili yake mahali pake.

Ila hiyo ya kupima ganda kwa inchi, hapana, hapo mmezidisha ofisi.

#7 Baruti Kavu (Harrisburg, Pennsylvania)

Slagi Moja umeeleza vizuri, lakini hiyo hoja ya "slagi haifiki mbali" ilishapimwa, na majibu hayakukaa kama unavyodhani.

Jimbo letu lilitoa utafiti 2007, kwa agizo la kamati ya bajeti na fedha ya bunge la hapa. Swali lilikuwa hilihili: je, shotigani na gobore ni salama kuliko raifo kwenye kulungu? Walilinganisha .30-06, slagi ya geji 12 (ndiyo saizi ya mtutu wa shotigani) na gobore. Mtutu ukielekezwa juu sana, raifo inapeleka risasi mbali kuliko zote, hilo halina ubishi. Lakini bunduki ikiwa sambamba na ardhi, namna watu wanavyolenga kulungu kweli, slagi ikigonga chini inadunda na kuendelea na safari. Jumla ya safari yake ikaizidi ya .30-06, kwa sababu risasi ya raifo ikidunda inapoteza nguvu zaidi.

Mimi nimewahi kuisikia slagi ikidunda. Desemba, shamba la soya limeganda, jamaa wa kundi letu akapiga chini ya tumbo la jike. Pale chini paliruka vumbi la barafu, halafu ukasikia mlio, vuuuuu, unaondoka kwenda zake. Jioni tukaenda kuomba radhi kwa mwenye banda la matrekta. Mlango wa bati ulikuwa na tundu, na slagi ilikuwa ndani, imejikunja ubavuni mwa pipa la mbolea. Mzee wa watu alitukaribisha kahawa lakini shambani kwake hatukurudi tena.

Sasa niambieni usalama uko wapi hapo.

#8 Slagi Moja

Mkuu #7, umesoma nusu unayoipenda. Huo utafiti wenyewe unasema mtutu ukiinuka, raifo ndiyo hatari kubwa. Na watu hawalengi sambamba kila siku. Kulungu akiwa juu ya tuta, umempata angani, hakuna udongo nyuma yake, mjinga anafyatua. Sheria imeandikwa kwa ajili ya huyo, wewe unayejua kungoja hujaandikiwa.

#9 Baruti Kavu

Huyo mjinga mpe hata manati atatoboa kioo cha mtu. Mfundisheni kulenga kutoka kwenye ulingo. Ukiwa juu ya mti risasi inaelekea chini, udongo unaipokea, mambo yameisha.

#10 Kichwa Ngumu

Mzee #7, "Pennsylvania raifo zote huru" ndiyo mnachojisifia kila uzi, sivyo?

#11 Baruti Kavu

Sijasema zote. Pembeni mwa Philadelphia na Pittsburgh kuna maeneo yenye masharti yake. Na raifo inayojipakia yenyewe hairuhusiwi kwa kulungu jimbo zima. 2016 bunge lilifungua njia, mwaka uliofuata tume ya wanyama ikaruhusu kwa wanyama wadogo na wale wanaowindwa kwa manyoya yao, kwa kulungu ikakataa. Hapo nami sijui wanaogopa nini, maana jirani zetu wanaitumia na hatusikii vita.

#12 Mama Upinde (Minneapolis, Minnesota)

Mnabishana fizikia, mmesahau siasa. Shikamoo Bwana Nyama.

Kusini mwa Minnesota ilikuwa shotigani tu kwa miaka na miaka. 2025 bunge limeufuta huo ukanda, kuanzia Januari 2026, lakini kaunti zimeachiwa uhuru wa kubaki na shotigani zikitaka. Sasa ungekaa kwenye vikao vya watu wa huku, ungesikia nani anapinga. Wengi hawakuwa wakiongelea nyumba wala watoto. Walikuwa wanaongelea pembe.

Mwenye eka zake nyingi anataka dume aishi miaka mpaka pembe zijae. Dume huyo akivuka shamba wazi akiwa umbali wa yadi 250, mwenye slagi anamtazama tu akipita. Mwenye raifo anamwangusha. Kwa hiyo bunduki ya kufika karibu inawaachia madume wengi hai, na dume kubwa linapandisha bei ya kukodisha shamba. Neno "usalama" linasikika vizuri kwenye kikao kuliko "niacheni na pembe zangu".

Wisconsin hapo jirani waliondoa masharti ya shotigani 2013, kaunti zote raifo. Majirani zao bado wapo, kulungu bado wapo.

#13 Bwana Nyama Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umenena. Hata vitalu vya uwindaji vya huku, ukifuatilia kelele mpaka mwisho unakuta mtu na kitalu chake.

#14 Uvira Mpaka Iowa (Iowa)

Jambo bandugu. Miye mutu wa Uvira, niko Iowa, tunafanyaka kazi ku kiwanda ya nyama. Banjamaa ba kazi njo balinifundisha kuwinda.

Hapa shida si ganda, ni namna batu banawinda. Banajipanga mu kundi. Bamoja banaingia mu majani na mu mahindi kufukuza nyama, bengine banangojea ku mwisho ya shamba. Sasa kulungu anatoka mbio, wewe unalenga, na nyuma yake ni ndugu yako mwenye kofia ya rangi ya machungwa anakuya. Ukiwa na raifo ya kufika mbali, Mungu tu. Tena sheria ya Iowa, mu misimu ya shotigani, mutu wa kundi anaweza kuangusha kulungu na mwenzake aweke tagi yake, ile karatasi ya ruhusa ya kulungu moja. Njo maana batu beko bengi pamoja, kila mutu ana haraka.

Toka 2017 balituruhusu ganda ya sawasawa. Lakini mu kundi yetu mzee alikataa. Anasema: mwenye kufukuza nyama ni mtoto wangu, kila mutu aje na slagi ao abakie ku nyumba.

#15 Kichwa Ngumu

Yaani mtu anaingia mahindini kupiga kelele ili kulungu amkimbilie mwenye bunduki, halafu mwenye bunduki anatazama upande ule ule wenye kelele? Na hii kazi mnaifanya mkiwa hamjalewa?

#16 Uvira Mpaka Iowa

Hapana kulewa ndugu. Kuna baridi ya kuua, hata mate inaganda.

#17 Slagi Moja

#14 kamaliza. Hapo ndipo sheria ilipotokea. Kulungu wa kufurushwa hana muda wa kungoja mtu aangalie nyuma yake kuna nini.

#18 Mama Upinde

Hajamaliza, kaongeza. Michigan mnafurusha pia? Wengi wenu mmekaa kwenye vibanda vyenye jiko la gesi mnaangalia simu.

#19 Fundi Mitutu (Kentucky)

Habari za jioni. Nimesoma mwanzo mpaka hapa na hakuna aliyetaja wauzaji.

Angalieni mwaka na bidhaa. Majimbo yakaruhusu ganda nyoofu, 2019 Winchester wakatoa .350 Legend. 2023 Remington nao wakaja na .360 Buckhammer. Na hii ya pili, mleta mada sikiliza vizuri, asili yake ni ganda la .30-30 lilelile. Wameliondoa shingo likawa nyoofu, urefu inchi 1.80 kamili, yaani mwisho wa rula ya Michigan. Unanunua bunduki ya wenzo ileile ya babu, mtutu mpya, bei mpya. Risasi imetengenezwa kwa kufuata kitabu cha sheria.

Mimi siilaumu kampuni. Ila sheria ikishazaa soko, soko nalo linailinda sheria.

#20 Chuma cha Pua (Cincinnati, Ohio)

Fundi angalia usiwaponze watu. Ohio kiwango cha chini ni .357 na hiyo Legend ni .350, haifiki. Mtu ataenda jela.

#21 Fundi Mitutu

Hilo .350 ni jina la biashara. Kipenyo cha risasi yenyewe ni .357, ndiyo maana Ohio inapita. Majina ya risasi yasikudanganye, pima risasi. Cha kuangalia Ohio ni kingine: shotigani na raifo hizi zisiwe na zaidi ya risasi 3, kwenye chemba na magazini kwa pamoja. Hapo ndipo wageni wengi wananaswa, wanajaza mpaka mwisho kama walivyozoea kwenye uwanja wa shabaha.

#22 Chuma cha Pua

Kama ni jina la biashara basi wangeandika .357 tukaelewana. Haya.

#23 Slagi Moja

Na Illinois toka Januari 2023 wameruhusu raifo, lakini ya kupakia risasi moja moja tu. Ukikosa, fungua, toa ganda, weka jingine, kulungu yuko kaunti ya pili. Hapo wazo lao ni jipya: wamegeuka kutoka umbali wa risasi wakashika idadi ya risasi hewani. Hii naiunga mkono kuliko rula zetu.

#24 Bado Nasoma (Ohio)

Shikamooni wakubwa. Samahani kuingilia. Mimi ni mwanafunzi, niko na viza ya masomo. Naweza kushika bunduki ya rafiki wakati wa msimu au ndiyo kurudishwa nyumbani?

#25 Chuma cha Pua

Usiguse kabisa mdogo wangu. Asiye raia haruhusiwi bunduki Marekani. Kaa na vitabu.

#26 Baruti Kavu

#25 punguza vitisho. Mwenye kadi ya kijani si raia na ananunua dukani, anajaza fomu 4473 kama wengine. Aliyeingia kama mkimbizi naye hayumo kwenye lile katazo la wenye viza za muda. #14 shahidi.

Mwenye viza ya masomo ndiye kwa kawaida anakatazwa na sheria ya shirikisho. Lakini sheria hiyohiyo imeweka mlango: akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, katazo hilo haliko juu yake. Kwa hiyo dogo, kwanza kozi ya usalama wa uwindaji, kisha leseni, leseni iwe mfukoni na muda wake haujaisha, ndipo uguse bunduki. Na kabla ya hapo muulize mwanasheria wa uhamiaji, usimuulize Baruti Kavu. Ukikosea hapa huna faini ya kulipa ukaenda zako.

#27 Bado Nasoma

Asante sana. Naanza na kozi.

#28 Mama Upinde

Au anza na upinde. Hauna fomu na utajifunza kukaa kimya.

#29 Bwana Nyama Mstaafu

Upinde bila kibali huku ungekupeleka mahakamani, mama. Kila nchi na lake.

Nimeona mmetaja gobore mkalipita haraka. Enzi zetu kila kijiji cha Unyamwezini kilikuwa na fundi wa gobore. Bomba la maji, ubao wa mninga, baruti ya kienyeji, marisau ya vipande vya nondo. Unashindilia kwa ufito, unaweka na kitambaa juu ili visimwagike ukiinamisha mtutu. Nimekamata mengi ambayo mwenyewe ningeogopa kuyafyatua, mengine yameshapasuka yakafungwa waya. Mwenye nalo hakuwa na leseni wala habari na kipenyo. Halafu nasikia huko gobore lina msimu wake halali?

#30 Fundi Mitutu

Lina msimu wake mzee wangu, na ni la kisasa: darubini juu, baruti ya vidonge, linapiga yadi 200 vizuri tu. Ohio msimu wake ni Januari. Tena sheria ya shirikisho mengi ya aina hii haiyaweki kwenye hesabu ya silaha za moto, yanahesabiwa ya kale hata kama limetoka kiwandani juzi. Jimbo lako linaweza kuona tofauti, lakini Washington ndivyo ilivyo.

#31 Bwana Nyama Mstaafu

Basi nilikamata watu wa kale wengi sana.

#32 Kichwa Ngumu

Nimecheka mpaka chai imemwagika.

#33 Jiko la Mkaa (Dallas, Texas)

Mimi siwindi, mume wangu ndiye. Kuna anayejua kuondoa ile harufu ya nyama ya kulungu? Ya swala niliyokula nyumbani haikuwa hivi.

#34 Uvira Mpaka Iowa

Dada, toa mafuta yote nyeupe, yote, hata kidogo usibakishe. Ile njo inanuka. Kisha ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, ilale usiku moja. Kesho kausha ku moto pole pole kabla ya kupika na mawese. Watoto banamaliza chungu.

#35 Slagi Moja

Na mpeleke kichwa kupimwa kama mnawinda kwenye kaunti zenye ule ugonjwa wa kulungu kukondeana. Ohio waliupata kwa kulungu wa porini 2020, kaunti ya Wyandot. Haujathibitika kumuingia mtu, lakini wataalamu wanashauri usile mnyama aliyekutwa nao.

Samahani kwa kuharibu mapishi.

#36 Chuma cha Pua

Turudi kwenye mada. Tukifuata hoja ya #12, wenye mashamba ndio walioandika sheria. Mbona California hawana shida na shingo ya ganda, wamekwenda kupiga marufuku risasi za madini ya ledi kwa uwindaji wote, toka Julai 2019? Hapo aliyetetewa ni tai wao wa kondori, wanaokula matumbo yaliyoachwa porini na kupata sumu. Hakuna jirani wala pembe.

#37 Mama Upinde

Ndiyo hoja yangu. Kila jimbo lina mwenyewe. California ni kondori, Iowa ni mtoto wa mzee, huku ni pembe.

#38 Baruti Kavu

Na Ohio?

#39 Fundi Mitutu

Ohio ni mazoea. Babu zao walipiga slagi, na wao wakaogopa kuonekana wameruhusu raifo moja kwa moja, wakatafuta kitu kinachofanana na slagi lakini kina jina la raifo. Ni hilo tu.

#40 Slagi Moja

Ni umbali. Nimeshasema #3.

#41 Mtoto wa Ugalla

Nawashukuru wote, japo nimekuja na swali moja naondoka na majibu sita yanayogombana.

Nimeongea na yule mzee. Kumbe miaka yote hiyo .30-30 hakuwa anaitumia Ohio, anakwenda nayo kwa shemeji yake West Virginia. Anasema niende naye wiki hiyohiyo, leseni ya mgeni nijilipie. Nyumbani kwake ana shotigani ya geji 20 yenye mtutu wa mifereji ndani, hiyo ndiyo ya Ohio, ila bega lake halitaki tena.

Swali dogo la mwisho: hiyo geji 20 niijaribu na slagi za aina gani kwanza, na nianzie yadi ngapi?

#42 Fundi Mitutu

Mtutu wa mifereji unataka slagi za kofia ya plastiki, zile zenye mifereji mwilini zimetengenezwa kwa mtutu laini. Nunua aina mbili au tatu, pakiti moja moja, maana kila mtutu una yake unayoipenda. Anza yadi 25 karatasini, ukipata katikati nenda 50, kisha 100. Weka taulo lililokunjwa begani.

#43 Baruti Kavu

Na shamba likiganda usipige chini ya tumbo.